Nusu Iliyobaki ya Sauti ya Kaka

3 Machi

Kwako mdogo wangu,

Salamu zangu zikukute wewe, wifi yangu na binti yenu. Sisi huku tunajikongoja. Shemeji yako amerudi kazini, watoto wamefungua shule, nami nimezama kwenye kushona sare mpaka nikilala naota kola. Mama anakula kidogo, lakini anakula.

Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu sitaki upige simu hapa nyumbani. Usinune, nisikilize kwanza. Unakumbuka ulivyopiga wiki ile baada ya mazishi, nikakukatia, halafu nikakutumia ujumbe kwamba mtandao ni mbaya? Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Mikono yangu ilikuwa kwenye cherehani, nikaiweka simu mezani na spika imefunguliwa. Ukasema, "Mmeamkaje?" Maneno hayo tu. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Akasimama bila fimbo, akasema, "Kifungua mimba wangu, umefika salama?"

Ndipo nilipokata. Unajua mwenyewe jinsi wewe na Kaka mlivyofanana sauti tangu yako ilipokuwa nzito. Tulikuwa tunacheka, wakwe wanawachanganya, wadai wanawachanganya. Sasa sicheki. Mama haoni, na kwa mtu asiyeona sauti ndiyo sura. Nakuomba, mpaka hali itulie, tuandikiane.

Watu hawajaacha kuja. Kila mmoja anataka kumweleza Mama alivyompenda Taratibu, maana kwao Kaka hana jina lingine zaidi ya hilo la kwenye filamu. Jirani yetu yule tunayemwita Redio ameshahadithia filamu zote, na kila akisimulia anaongeza kipande ambacho Kaka hakucheza. Juzi fundi bomba alikuja kuziba bomba la jikoni, akajua hapa ni kwa nani, akalia akiwa chini ya sinki na spana mkononi. Mama ndiye aliyembembeleza. "Nyamaza mwanangu, nyamaza." Anawabembeleza wote. Yeye mwenyewe hajatoa hata chozi moja, wala pale kaburini, na jambo hilo linanitia hofu kuliko kilio.

Lini mtakuja? Halafu, Mama anaulizia ile filamu ya mwisho. Wewe uko mji huo huo na watu wake. Wanasemaje?

Dada yako.


19 Machi

Dada yangu,

Barua yako nimeipata, ingawa posta wameisulubu, kona zote zimekunjwa. Wifi yako hajambo, mguu umepona na ameanza tena kunikimbiza. Binti amepoteza meno mawili ya mbele na anajiona mtu mzima. Joto limekuwa kali huku, na unajua ndugu yako: joto likipanda majokofu yanakufa, yakifa mimi nakula.

Ila kazi yenyewe imekuwa na vituko. Juzi nilikuwa kwa mama mmoja, kichwa nimekiingiza nyuma ya jokofu lake, nikamwambia, "Mama, gesi imekwisha." Nachungulia, namkuta analia. Akasema, "Sema tena." Nikasema tena kwamba gesi imekwisha. Akaita na dada yake kutoka chumbani, nikawatangazia wote wawili kuhusu gesi, wakalia pamoja, kisha wakaniletea chai na mkate. Kaka alihangaika miaka yote hiyo apate machozi ya watu, mimi nayapata kwa gesi. Nilicheka njiani. Nilipofika nyumbani sikuwa na hamu ya kuongea.

Kuhusu simu, nimekuelewa. Dada, mimi nilimsikia. Nilisikia vizuri alichosema kabla hujakata.

Filamu inashughulikiwa, usiumize kichwa. Kuja huko kwa sasa sitaweza, nimepata kazi ya ziada ya jioni, kazi ya ndani, kwenye chumba kisicho na dirisha. Nitakueleza siku nyingine. Mwambie Mama namsalimu sana, na mwangalieni asikae karibu na dirisha upepo ukiwa mkali.

Mdogo wako.


4 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezifikisha. Mama akauliza, "Kwa nini Kitinda hapigi?" Nikamwambia simu yako imetumbukia majini. Akauliza kama imekauka. Sasa nina uongo wa kuulisha kila asubuhi kama kuku. Watoto hawajambo, mdogo alikuwa na mafua, yamekwisha. Nimemaliza sare za shule moja, nimeanza za nyingine.

Sasa tuyaache hayo. Redio kaja mbio jana, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi. Wametangaza kwamba filamu ya mwisho inakamilishwa na mwezi wa sita itaonyeshwa kwenye kumbi zote, na huku kwetu pia. Akamshika Mama mikono, akamwambia, "Wamesema utamsikia Taratibu kwa sauti yake mwenyewe, kwa mara ya mwisho!" Uso wa Mama ulibadilika. Sijamwona hivyo tangu msiba. Akaniambia nimtolee gauni la bluu nilipunguze, maana amekonda. Watu wa ukumbi wameshaleta ujumbe, mama wa marehemu atakaa kiti cha mbele.

Mimi nikatabasamu, nikachukua gauni, nikashona, nikafumua, nikashona tena. Kwa nini? Kwa sababu Kaka alipokuja mara ya mwisho alikaa hapa hapa pembeni ya cherehani akanieleza wanavyofanya. Kwenye filamu zao picha hupigwa kwanza, kwa sababu ya kelele za magari na jenereta, halafu mchezaji huingia studio kuweka sauti yake juu ya picha. Akasema, "Nimeweka mpaka katikati, mdogo wangu. Nusu iliyobaki nitaimalizia nikirudi." Alirudi. Wiki ile ile akaanguka bafuni.

Kwa hiyo nakuuliza, hiyo nusu nyingine nani anaongea? Kazi ya jioni, chumba kisicho na dirisha. Mimi mshonaji, sikatai, lakini nashona huku nafikiri. Nijibu, tena usinipige chenga.

Dada yako.


22 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Wote hatujambo. Binti anasoma sasa, anasoma mpaka maandishi ya kwenye sabuni. Wifi yako anakusalimu, anashukuru kwa vitenge. Mvua zimeanza kidogo na wateja wamepungua. Nilianza barua hii nikaichana, nikaanza tena nikaichana, sasa nimeishiwa karatasi nzuri, ndiyo maana unaniona kwenye karatasi ya daftari la binti.

Ni mimi. Nusu iliyobaki ninaongea mimi.

Mwongozaji wa filamu alikuwepo mazishini. Alinisikia nikiwashukuru watu kwa niaba ya familia, na nasikia alivua kofia akasahau kuivaa. Baadaye akanifuata kwenye kibanda changu cha kazi. Hakuja kwa ujanja, Dada. Alikaa juu ya friji bovu, akasema kwamba bila sauti filamu inaingia kabatini na haitatoka. Picha zote Kaka alikuwa amekwisha kuzipiga, zimekamilika. Akaniambia, "Kaka yako yumo humo anafungua mdomo na hasikiki." Sikukuuliza kwa sababu nilijua utakataa, na nilijua ukikataa nitakutii.

Chumba chenyewe kimebandikwa trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi. Fundi sauti anakaa upande wa pili wa kioo, mtu wa makamo anayependa karanga na anayejizuia kuzitafuna kwa sababu kipaza sauti kinasikia kila kitu. Siku ya kwanza wakaniwashia picha. Kaka huyu hapa, mkubwa kuliko mlango, amevaa koti la mlinzi. Humo anacheza mlinzi wa shule aliyestaafishwa, naye kila asubuhi anaendelea kwenda getini. Kaka akafungua mdomo. Mimi nilitakiwa niseme naye kwa pamoja. Nikachelewa. Turudie. Nikachelewa tena. Fundi sauti akadhani sijui kusoma, akaniandikia maneno kwa herufi kubwa. Nikachelewa vile vile.

Tulipoteza siku nyingi hivyo, na aibu ikanishika, mpaka nikagundua nina nini. Nilikuwa namsubiri Kaka amalize. Si unajua tulivyolelewa? Mkubwa akifungua mdomo, mdogo anafunga wake. Sikuwahi maishani kuongea Kaka akiwa anaongea, na hata akiwa kwenye picha, hata akiwa marehemu, ulimi wangu ulikuwa unakataa. Nilipomweleza fundi sauti hakunicheka. Akatoka kwenye kioo chake, akaja akasimama nyuma yangu, akaniambia nifumbe macho. Tangu hapo kila Kaka anapoanza kusema, yeye ananigusa bega. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi yote. Nikirudi nyumbani bega linauma kama nimebeba jokofu.

Kinachonitisha ni nyumbani. Mezani niliomba chumvi, wifi yako akaacha kula. Akasema, "Hebu rudisha sauti yako." Nikajaribu. Dada, sikujua ipo wapi. Nikaongea nyembamba, binti akacheka akidhani namchekesha. Sasa nanyamaza zaidi kuliko ninavyoongea, na hata kwa wateja naonyesha kwa kidole kilichoharibika.

Imebaki sehemu ya mwisho tu. Nimeapa kwamba hakuna atakayejua, na wewe sasa unajua. Usimwambie Mama.

Mdogo wako.


3 Mei

Wewe,

Salamu zipo. Zitakuja mwishoni kama nitakuwa nimepoa.

Siku ile uliyopiga simu sikukueleza yote. Mama aliposema "umefika salama", nikakata, yeye akabaki amesimama ameshika pazia, anasubiri ajibiwe. Nikamwambia, "Mama, alikuwa Kitinda." Akasema, "Aa." Akaomba maji. Nilipogeuka na kikombe alikuwa sakafuni. Tulimlaza hospitali, nami nikakuandikia kwamba anakula kidogo. Daktari alisema moyo wake ni ule ule wa Kaka, umechoka, na akatuonya tusimpe mshtuko wowote, wa furaha wala wa huzuni. Nilikuficha kwa sababu ungejilaumu. Haya, sasa jilaumu.

Kwa "mmeamkaje" moja alilazwa. Je, nusu nzima ya filamu? Fikiri kidogo, kama kichwa hakijajaa gesi. Atakaa gizani na sauti ya mwanawe inamjia kama ya mtu aliye hai, anacheka, anakohoa, anaita. Akiamini ni yeye, tutamtoaje pale taa zikiwaka? Akijua ni wewe, atasema nini? Atasema hujamaliza hata matanga ya kaka yako, umeshavaa nguo zake. Mimi ndivyo nilivyosema niliposoma barua yako. Nilisema kwa sauti mpaka mteja akauliza kama nguo yake imeungua.

Na kumzuia siwezi. Nimemwambia ukumbi una joto. Akasema atabeba kipepeo cha kujipepea. Nimemwambia ngazi ni mbaya. Akasema, "Ngazi hizo nilizipanda kabla hujazaliwa." Gauni la bluu limekwisha kupungua, linaning'inia mlangoni, na kila akipita analigusa mkono. Redio kaahidi kukaa nyuma yake ili amweleze picha, Mungu atusaidie.

Nenda kwa huyo mwongozaji. Mwambie aifute sauti yako. Filamu ikae kabatini, Kaka hatajua. Mama bado ninaye mmoja.

Wasalimie wifi na mtoto.

Dada yako.


17 Mei

Dada,

Nilisoma barua yako nimesimama, nikamalizia nimekaa juu ya mtungi wa gesi. Sina la kujitetea. Wifi yako alisoma baada yangu, akafunga mlango wa jikoni akalia. Binti anakusalimu, ameniagiza niandike hivyo, naye hajui chochote.

Nilikwenda kwa mwongozaji siku ile ile, mikono ina grisi. Nilitegemea ugomvi. Nilitamani ugomvi, ungenirahisishia. Nilipomweleza habari za Mama, mzee wa watu aliinamisha kichwa, akaniambia kazi ni yake lakini mama ni wangu. Akamwita fundi sauti. Akasema, "Sema neno tu, anafuta." Kisha akaniomba kitu kimoja, niangalie kipande cha mwisho bila sauti, halafu ndipo niamue.

Wakaizima sauti yangu, wakawasha picha. Kaka amekaa kwenye benchi nje ya geti. Anaongea. Unamjua alivyokuwa anaongea, nyusi zinatangulia, mkono unafuata. Anaeleza, anacheka, anatazama kama amemaliza na anasubiri umjibu. Na hakuna kitu. Dada, mdomo unaenda na hakuna kitu. Fundi sauti alikuwa amesimama karibu, na mkono wake, nadhani kwa mazoea tu, ulinigusa bega Kaka alipoanza sentensi nyingine. Nikaisema. Pale pale, bila kipaza sauti, nikaisema. Niliposhtuka nilikuwa nimesema mpaka mwisho.

Sikuweza kuwaambia wafute. Nimejaribu kutafuta sababu nzuri ya kukuandikia, sinayo. Sikuweza tu kumzika mara mbili.

Juzi nilifunga kibanda, nikakata tiketi, nikaenda kituoni ili nije nimwambie Mama mwenyewe kabla ya siku kufika. Nikakaa na begi langu miguuni. Nikawa napanga maneno. Nitabisha hodi. Atauliza nani. Nami nitalazimika kufungua mdomo, na nikifungua mdomo mlangoni si ndiyo yale yale ya simu? Ningemuua Mama kwa "hodi". Gari likaondoka, nami nimeshika begi. Nimekuwa mtu wa kuogopa kumsalimia mama yake.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Mwambie mapema, taratibu, akiwa amekaa, dawa zikiwa karibu. Mwambie ni mimi na kwamba sikufanya kwa dharau. Ukishindwa, basi mfungie gauni kabatini. Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Mdogo wako.


9 Juni

Dada,

Hujajibu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi kila mtu wa posta akipita namfuata barabarani. Sisi wazima. Nadhani wazima. Wifi yako ananiambia nisikae mlangoni.

Filamu imeonyeshwa hapa mjini. Nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango, kama mwizi. Watu walilia, watu walicheka, waliposimama walipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye viti. Hakuna aliyehisi kitu. Jamaa mmoja pembeni yangu alinishika mkono akasema, "Sauti hii haitapatikana tena." Nikaitikia kwa kichwa, maana ningeitikia kwa mdomo ningeharibu.

Huko kwenu ni Jumamosi. Ulimwambia? Anakwenda? Au ameanguka tena na unanificha kama mwanzo? Mficha maradhi, kifo humuumbua, Dada, na safari hii nitaumbuka mimi. Siwezi kupiga simu, ulinikataza, na hata usingenikataza nisingeweza. Nimekwenda kwa jirani nikamwomba anipigie yeye, aulize tu kama wote wazima. Namba ilipoanza kuita nikamnyang'anya nikakata.

Andika. Andika hata kama ni baya.

Mdogo wako.


16 Juni

Kwako mdogo wangu,

Kabla ya salamu: Mama mzima. Kaa chini, vuta pumzi, ndipo usome. Nasema tena, mzima. Daktari amempima Jumatatu, akapima tena kwa kutoamini, presha imeshuka kuliko ya kwangu. Analia. Amelia Jumapili yote, jana pia kidogo, leo asubuhi akiwa anakunywa chai. Redio alikuja kumbembeleza akafukuzwa. Lakini analia na anakula, tena mkate mzima, na anauliza mwingine.

Sasa salamu. Shemeji yako hajambo, watoto hawajambo, nami sijambo sana kuliko nilivyokuwa wiki iliyopita.

Nisamehe kwa ukimya wangu. Barua yako niliipata mapema, na nilinuia kumwambia. Kila asubuhi nilikaa mbele yake, nikafungua mdomo, naye akaniwahi, "Chai ina sukari?" Nikasema ina. Kesho yake hivyo hivyo. Sikukujibu kwa sababu ningekujibu nini? Kwamba dada yako mwenye maneno mengi kashindwa kusema moja? Jumamosi ikafika, Mama kavaa bluu.

Nilijiandaa kama naenda vitani. Dawa kwenye pochi, maji kwenye chupa, namba ya daktari mkononi nimeiandika kwa kalamu ya kuchorea vitambaa. Shemeji yako alibaki nje ndani ya teksi, injini inanguruma, na dereva ameambiwa mgonjwa anakuja wakati wowote. Tulikaa mbele, mimi upande wa njia. Ukumbi ulijaa, wengine wamekaa chini. Taa zikazimwa. Kwa Mama hakuna kilichobadilika, mimi ndiye niliyeingia gizani.

Kaka akaanza kuongea. Nilimtazama Mama, sikutazama picha. Alikuwa anatabasamu. Watu wakicheka naye anacheka, tena anawatangulia kidogo, maana yeye anajua mwanawe anapoelekea kabla hajafika. Redio akainama nyuma yetu kumwambia, "Sasa amevaa koti," Mama akamwambia, "Koti silisikii, nyamaza." Nilianza kujipa moyo. Nikasema huenda katikati itapita kama barabara iliyozibwa vizuri, hatagundua, turudi zetu nyumbani.

Kisha pale getini. Kaka anawaaga wanafunzi, kengele inalia, funguo zinagongana. Hapo kuna kimya kidogo. Halafu yuko kwenye benchi, anamwambia mlinzi mpya aliyechukua nafasi yake, "Nani kakwambia nimechoka?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mama hakucheka. Alinishika kifundo cha mkono, akanibana mpaka nikahisi kucha. Sikuthubutu kumwangalia. Sauti ikaendelea kuongea kule mbele, yako, na naapa kwa cherehani yangu hata mimi ninayejua sikuweza kusema inaanzia wapi. Mama akasema polepole, kama mtu anayeonyesha mahali, "Hapa ndipo alipofia."

Ndipo machozi yakamtoka. Yote aliyowanyima watu tangu msiba, yakashuka mpaka kwenye bluu ya gauni. Mabega yanatikisika, mdomo ameufunga asisikike. Niliogopa, mdogo wangu. Niliona sakafu ile ya nyumbani, kikombe mkononi. Nikafungua pochi, dawa zikamwagika chini ya viti, nikaziacha. Nikasimama, nikamshika kwapani nimwinue. Watu wa nyuma wakaanza kunizomea nikae, nawaziba. Nikamwambia, "Mama, twende. Teksi ipo nje. Twende, moyo wako."

Akanivuta gauni kwa nguvu nisizojua bado anazo.

"Kaa chini."

"Mama—"

"Kaa chini, mtoto ataona unaondoka. Mmoja amemaliza kusema. Huyu naye ni wangu, na hajaniongelesha tangu mazishi. Niache nimsikie."

Nikakaa.

Dada yako.